Kwa Nini Mkia wa Ringi Hukunjwa Ndani
Jinsi mafundi wa dunia walivyojifunza kujenga nyumba zinazostahimili tetemeko la ardhi



Mwezi uliopita nilifika kwenye jengo moja la ghorofa nne linalojengwa upande wa Fort Portal, kwa kazi yangu ya kuandikisha wanachama wapya. Saa ya chakula nikakaa na vijana wa nondo juu ya rundo la mbao. Kijana mmoja, mkono mmoja una sahani na mwingine una ringi, akaniuliza:

"Mzee, unasema zamani ulikuwa fundi wa nondo. Basi tuambie. Injinia anataka mkia wa ringi ukunjwe mpaka uingie ndani ya tumbo la nguzo. Ukikunja kona tu unamaliza ringi 100, na mwenzako anayekunja ndani hajafika 60. Na sisi tunalipwa kwa ringi. Huo mkia ni wa nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu: ramani ndivyo inavyosema. Kijana akaitikia kwa heshima, akaendelea kula, na mimi nikajua kwamba sijamjibu kitu. Nilikunja ringi kwa miaka kumi na moja bila kujua sababu.

Basi nikaanza kuuliza. Mimi nimeishia darasa la saba, na vitabu vya mambo haya vimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, lakini injinia mmoja mstaafu alikubali kukaa nami jioni tatu, na karani wetu wa ofisi akanisaidia kusoma. Nilichokipata ni kirefu kuliko nilivyofikiri. Mkia ule wa ringi una historia, na ndani ya historia hiyo wamo wafanyakazi wengi waliokufa. Naiandika hapa ili yule kijana apate jibu lake, na wengine walio na swali kama lake wapate pia.

KUSIMAMA NYUMA YA LORI

Kwanza tuelewe tetemeko linafanya nini. Kila mmoja wetu amewahi kupelekwa kazini amesimama nyuma ya lori la mchanga. Dereva akiondoka ghafla, miguu inakwenda na lori, kiwiliwili kinabaki nyuma. Akifunga breki, mambo yanageuka. Hakuna mtu aliyekusukuma, lakini unaanguka. Na kama umebeba mfuko wa saruji wa kilo 50 kichwani, utaanguka mapema kuliko mwenzako aliye mikono mitupu.

Nyumba ni hivyo hivyo. Ardhi inakwenda huku na huku, msingi unaifuata, na uzito ulioko juu unataka kubaki pale ulipokuwa. Kadiri paa na kuta zinavyokuwa nzito, ndivyo nyumba inavyojiumiza yenyewe. Sisi mafundi tumezoea kufikiri juu ya uzito unaoshuka chini, timazi mkononi. Tetemeko linaleta nguvu ya ubavuni, na nyumba iliyojengwa kwa kufikiri uzito wa chini peke yake haina cha kuishika.

Watu wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, walilijua hilo tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa watu, mishumaa imewashwa. Tetemeko likaja, kisha moto, kisha maji ya bahari. Watu waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, aliwapa kazi ya kujenga upya wahandisi wa jeshi, wakiongozwa na mzee Manuel da Maia. Nao wakaja na kitu kilichoitwa "gaiola", maana yake kizimba cha ndege. Ndani ya ukuta wa mawe waliweka fremu ya mbao: nguzo, vizuizi vya kulala, na mbao za kukingama zilizokatizana kama herufi X. Ukuta ukitikisika, kizimba kinashika. Inasimuliwa kwamba walijenga mfano wa nyumba hiyo uwanjani, wakawaamuru askari watembee kwa kishindo kuizunguka ili waone kama itasimama. Mbao zilikatwa kwa vipimo vya namna moja ili maseremala wafanye kazi upesi. Katikati ya Lisbon nyumba hizo zipo hata leo.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Mwezi wa Februari 1994, usiku, sisi wa Toro tulitikiswa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimelala kwa bibi katika nyumba ya fito na udongo. Udongo ulianguka vipande vipande juu ya blanketi, nyumba ikainama upande mmoja kama mlevi, lakini fito zilishikana na sote tukatoka. Jirani yetu, mwalimu, alikuwa na nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma ambayo sisi sote tuliitamani. Ukuta wake wa pembetatu, ule unaobeba paa, uliporomokea ndani. Yeye alipona kwa sababu alikuwa safarini. Sisemi turudi kwenye fito. Tatizo la tofali ni uzito, na pia halina kitu cha kulifunga na mwenzake isipokuwa udongo au saruji kidogo, tena saruji inayopimwa kwa macho.

KUJUA NGUVU NI KIASI GANI

Wareno walikuwa na akili ya useremala, lakini hawakuwa na hesabu. Hesabu ilikuja baadaye, na ililetwa na vifo vingine.

Japani, tarehe 28 Oktoba 1891, sehemu za Mino na Owari zilitikiswa na tetemeko lililoua watu zaidi ya 7,000. Wakati ule Japani ilikuwa inaiga kila kitu cha Ulaya. Palikuwa na viwanda vya kusokota pamba vilivyojengwa kwa matofali kwa mfano wa Uingereza, na daraja la reli la chuma. Viwanda viliporomoka juu ya wafanyakazi, daraja likaanguka mtoni. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati ya wataalamu ya kuchunguza matetemeko.

Halafu Italia. Alfajiri ya tarehe 28 Desemba 1908, mji wa Messina na ule wa Reggio Calabria uliotazamana nao ng'ambo ya bahari vilibomoka, na watu waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 75,000. Serikali ikateua kamati ya wahandisi na maprofesa, nao wakafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndiyo mwanzo wa kazi yote hii: walitoa namba. Walisema nyumba ya ghorofa lazima ijengwe kustahimili nguvu ya ubavuni. Kwa ghorofa ya kwanza nguvu hiyo iwe sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wote ulioko juu yake, na kwa ghorofa za juu zaidi iwe sehemu moja ya nane. Walipataje namba hizo? Walizitazama nyumba chache zilizobaki zimesimama, wakapiga hesabu ya kilichozifanya zisimame. Kabla ya hapo fundi angeweza kusema "jenga imara", na kila mtu anajua imara ni neno la kubishania. Ukisema moja ya kumi na mbili, hakuna ubishi tena. Mwajiri ametimiza au hajatimiza.

Mjapani Sano Toshikata alifanya hesabu ya namna hiyo kwao, na mwanafunzi wake Naito Tachu akaitumia kwenye majengo halisi. Inasimuliwa kwamba Naito alisafiri kwenda Marekani akiwa na sanduku kubwa la nguo. Ili liingize vitu vingi zaidi aliondoa mbao zake za ndani zinazogawa vyumba, na sanduku likavunjika njiani. Akaelewa kwamba vigawanyo vile vidogo ndivyo vilivyokuwa vinalishika. Aliporudi alijenga majengo yenye kuta za zege za kushikilia ndani yake. Mojawapo lilikuwa jengo la Benki ya Viwanda ya Japani mjini Tokyo, lililomalizika 1923. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba, saa sita kasoro dakika mbili mchana, likaja tetemeko kubwa la Kanto. Majiko yalikuwa yamewashwa kwa chakula cha mchana. Zaidi ya watu 100,000 walikufa, wengi wao kwa moto. Jengo la Naito lilibaki zima. Mwaka 1924 sheria ya Japani ikaamuru kila jengo la mjini lipigiwe hesabu ya nguvu ya ubavuni ya moja ya kumi ya uzito wake.

Jambo moja hapa halihusu nondo, lakini mtu wa chama hawezi kulipita. Katika siku zile za moto na hofu, uvumi ulienezwa kwamba vibarua Wakorea wanatia sumu visimani, na maelfu yao wakauawa mitaani. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa mtaa wa Kameido, wakauliwa na askari mikononi mwa polisi. Tetemeko halikuwagusa wale.

MTU WA KUSIMAMA KAZINI

Ndugu zetu wa California nchini Marekani walichelewa. San Francisco ilibomoka na kuungua 1906, lakini wenye mali walipenda kuzungumza juu ya moto, kwa maana moto una bima na hauwatishi wanunuzi wa viwanja. Sheria yenye meno ilikuja 1933. Tarehe 10 Machi mwaka huo, saa 11 na dakika 54 jioni, mji wa Long Beach ulitikiswa. Watu wapatao 120 walikufa. Shule nyingi za matofali zilibomoka kabisa, na hazikuwa na watoto kwa sababu tu ya saa. Wazazi walizitazama na kila mmoja akapiga hesabu: lingekuja saa tatu kabla, tungezika wangapi?

Kwa mwezi mmoja kamili, yaani tarehe 10 Aprili, sheria ya majengo ya shule iitwayo Field Act ilikuwa imepitishwa. Mimi niliisoma sehemu moja mara mbili. Sheria ile haikuishia kwenye ramani. Ilitaka mkaguzi awepo kazini muda wote wa ujenzi, na mwishoni mchoraji, mhandisi, mkaguzi na mkandarasi kila mmoja aweke sahihi ya kiapo kwamba jengo limejengwa kama lilivyochorwa. Ukisema uongo, ni kesi. Tangu hapo shule zilizojengwa chini ya sheria hiyo zimepita katika matetemeko mengi bila kuporomokea watoto.

Sasa tunafika kwa ringi.

NGUZO MBILI ZA HOSPITALI MOJA

Mpaka miaka ya 1950 wahandisi walifikiri hivi: nguvu ni kiasi fulani, basi tujenge jengo lenye nguvu zaidi ya hapo. Lakini vyombo vya kupimia vilianza kuonyesha kwamba tetemeko kubwa linazidi kabisa zile hesabu za moja ya kumi. Ukitaka jengo lisipate hata ufa, utajenga ngome ambayo hakuna atakayeweza kuilipia. Hata hivyo majengo mengine yaliyopigiwa hesabu ndogo yalikuwa yanasimama. Kwa nini?

Chukua kijiti kikavu na kipande cha waya wa kufungia nondo. Vipinde vyote viwili. Kijiti kinaweza kuwa kigumu kuliko waya, lakini kikifika mwisho kinakatika, basi. Waya unapinda, unarudi, unapinda tena, na bado umeshika. Jengo la kustahimili tetemeko linatakiwa kuwa na tabia ya waya. Liharibike, lipasuke, lipinde, lakini liendelee kubeba watu mpaka watoke. Zege peke yake ni kijiti. Nondo ni waya. Kazi yote iko katika kuvifunga viwili hivi viwe kitu kimoja, na kinachovifunga ni ringi.

Ushahidi ulionekana wazi tarehe 9 Februari 1971, saa 12 asubuhi, huko San Fernando, karibu na Los Angeles. Hospitali ya Olive View ilikuwa mpya kabisa, imefunguliwa miezi michache tu, na ilijengwa kwa kufuata sheria ya wakati ule. Tetemeko lilidumu sekunde chache. Jengo kubwa liliinama ubavuni, minara mitatu kati ya minne ya ngazi ikang'oka na kuanguka, na watu watatu walikufa hapo, mmoja wao mfanyakazi wa hospitali aliyeangukiwa na sehemu ya jengo.

Wahandisi walipoingia kwenye ghorofa ya chini walikuta nguzo za aina mbili. Nyingi zilikuwa na nondo zilizozungushiwa chuma kimoja kirefu kama springi, mizunguko imekaribiana. Nyingine, za kwenye kona, zilikuwa na ringi za kawaida zilizoachana mbali. Zile za kona zilikuwa zimesagika: zege limemwagika, nondo zimetokeza nje zimepinda kama nyasi. Zile za springi zilikuwa zimeinama, ganda la nje limedondoka, lakini tumbo lake lilikuwa zima na bado limebeba ghorofa zote za juu. Jengo lilikuwa moja, saruji yake ni moja na tetemeko ni moja. Tofauti ilikuwa chuma kile chembamba cha kufungia. Hospitali ile ilivunjwa baadaye, lakini picha za nguzo zile zilibadilisha sheria za ujenzi za miaka iliyofuata.

Kijana wangu wa Fort Portal, jibu lako ni hili. Nguzo ikitikiswa, ganda la nje la zege, lile la inchi moja au mbili, linadondoka mapema. Kama mkia wa ringi umekunjwa kona tu, yaani digrii 90, mkia huo ulikuwa umeshikwa na ganda lile. Ganda likidondoka, mkia hauna kitu cha kuushika, ringi inafunguka kama mkanda usio na kifungo. Nondo zinatokeza nje, zege la ndani linamwagika kama mahindi kwenye gunia lililopasuka. Lakini mkia ukiwa umekunjwa digrii 135, umeingia ndani ya tumbo la nguzo, ganda linaweza kudondoka lote na ringi isifunguke. Na ringi zinakaribiana zaidi juu na chini ya nguzo, pale inapokutana na bimu, kwa sababu hapo ndipo nguzo inapokunjwa kwa nguvu kubwa.

Wenzetu wa New Zealand waliendeleza wazo hili katika miaka ya 1970, hasa maprofesa Robert Park na Thomas Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury. Wao walisema mhandisi achague mwenyewe mahali jengo litakapoumia. Achague bimu, asichague nguzo. Bimu ikipasuka karibu na mwisho wake, sakafu inalegea lakini ipo. Nguzo ikivunjika, ghorofa zote zinalaliana. Kwa hiyo nguzo iwe na nguvu kuliko bimu inayoibeba. Huko huko New Zealand, Bill Robinson alibuni mto wa mpira na mabamba ya chuma wenye moyo wa risasi, unaowekwa chini ya jengo ili ardhi icheze na jengo lisichezeshwe sana. Jengo la kwanza kukalia mito hiyo, William Clayton Building la Wellington, lilimalizika 1981. Huo ni ufundi wa fedha nyingi. Mkia wa ringi ni dakika moja ya mkono wa fundi.

WASHONAJI WA MEXICO

Kuna mji mmoja ambao lazima niutaje kwa kirefu, kwa sababu pale ujenzi na chama vilikutana.

Tarehe 19 Septemba 1985, saa 1 na dakika 17 asubuhi, mji wa Mexico ulitikiswa. Mji ule umejengwa juu ya ziwa la zamani lililokauka, udongo wake ni tope laini, na tope lile lilicheza polepole kama uji kwenye bakuli. Majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya urefu wa kati, kama ghorofa 6 mpaka 15, kwa sababu mchezo wao na mchezo wa tope ulilingana. Ni kama kusukuma mtoto kwenye pembea, ukisukuma kwa wakati wake anapanda juu zaidi kila mara.

Katika barabara ya San Antonio Abad na mitaa ya karibu palikuwa na viwanda vingi vya kushona nguo, vimepangwa ndani ya majengo ambayo hayakujengwa kubeba viwanda. Sakafu zilipakiwa mashine na majora mazito ya vitambaa. Wanawake walioshona humo walikuwa wameshaanza kazi. Mamia walikufa. Walionusurika walisimulia kwamba wenye viwanda walifika kutoa mashine na makasha ya fedha, wakati chini ya zege bado sauti za watu zinasikika.

Wanawake wale walikaa barabarani, wakazuia mashine zisiondolewe, wakadai mishahara na fidia. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule chama chao kiliandikishwa, kikaitwa kwa jina la tarehe ile: Chama cha Kitaifa cha Washonaji cha 19 Septemba. Katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa mshonaji, Evangelina Corona. Mexico ilikaza sheria zake za ujenzi. Na tarehe ile ile, 19 Septemba 2017, mji ukatikiswa tena. Majengo mapya mengi yalisimama. Lakini katika mtaa wa Obrera jengo la zamani lenye kazi za nguo liliwaangukia waliokuwa ndani.

Uturuki ni habari fupi na chungu. Sheria yake ya matetemeko imeandikwa vizuri. Lakini mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha kwa majengo yasiyo na vibali: lipa ada, upate hati. Tarehe 6 Februari 2023 zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini humo, na kwenye vifusi vya majengo mengi zilionekana ringi chache zilizokunjwa kona tu.

NA HUKU KWETU

Watu wengine husema matetemeko ni ya Japani. Sisi tunaoishi kando ya Ruwenzori tumo ndani ya lile bonde la ufa linaloshuka kutoka Ziwa Albert mpaka Kivu, Tanganyika na chini zaidi. Alfajiri ya 20 Machi 1966 Toro ilitikiswa, watu zaidi ya 150 wakafa upande wetu na upande wa Kongo. Baada ya hapo ni 1994 niliyoisimulia. Februari 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu na Rwanda ya magharibi. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Bukoba, ndugu zetu wa Tanzania, ambako watu wasiopungua 16 walikufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa.

Uganda ina kanuni yake ya kujenga kwa kufikiria tetemeko, US 319 ya mwaka 2003, na ina Sheria ya Usimamizi wa Ujenzi ya 2013. Zimeandikwa. Mimi sijaona nakala ya kanuni ile hata mara moja kwenye kibanda cha msimamizi, na nimeingia vibanda vingi.

Tena lazima niseme langu. Nilipokuwa na miaka 22 nilikuwa nafunga nondo kwenye jengo la maduka, katika mji ambao siutaji. Ramani ilitaka ringi kila sentimita 10 juu na chini ya nguzo. Nyapara alikuja Ijumaa akasema chuma kimepungua, tuweke kila sentimita 25, na mikia tuikunje kona tu ili tumalize kabla ya zege la Jumamosi. Tulikuwa watu sita. Mmoja wetu, mzee kutoka Kasese, alikataa, akaambiwa arudishe koleo na asirudi. Sisi watano tulibaki. Zege lilimwagwa, mbao zikatolewa, plasta ikapigwa, na nguzo zile zikawa nzuri kuzitazama.

Nilirudi Fort Portal wiki iliyopita. Nilimchorea yule kijana nguzo mbili chini kwa kijiti, moja ya digrii 90 na moja ya digrii 135, nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa. Akatazama muda mrefu. Halafu akasema: "Sawa mzee, nimeelewa. Lakini tunalipwa kwa ringi." Ana haki. Tumemwandikia mkandarasi kwamba wafunga nondo walipwe kwa siku, au bei ya ringi iliyokunjwa ndani ipande ilingane na muda wake, na kwamba mtu asifukuzwe kwa kukataa kufunga kinyume cha ramani. Amejibu kwamba atakutana nasi tarehe 14. Vijana 23 wamekwisha andikishwa.

Lile jengo la maduka bado lipo. Ghorofa ya juu siku hizi ni shule ya watoto wadogo. Nikipita na basi huona sare zao zimeanikwa dirishani.